Wabaptisti walifungwa jela wakidai serikali ikae mbali na kanisa. Ilikuwaje wajukuu wao wakawa nguzo ya chama cha Republican? (Uzi mrefu: Ukristo na siasa za Marekani)

MwanaMbeya (mleta uzi) #1

Wakuu, habari zenu.

Kila Marekani inapokaribia uchaguzi, magrupu ya WhatsApp ya makanisa yetu hujaa video za wahubiri wa kule. Huyu anamwekea mgombea mikono kichwani, yule anasema mgombea fulani ndiye Koreshi (yule mfalme mpagani wa kwenye Biblia aliyetumiwa na Mungu) wa zama hizi, na watu wetu wanajibu "Amina" mfululizo. Mimi nimelelewa katika Kanisa la Baptisti, Mbeya. Kanisa hilo tuliletewa na wamisionari wa Southern Baptist (umoja wa Wabaptisti wa Kusini mwa Marekani) miaka ya 1950, wakajenga hospitali Mbeya, wakafungua seminari Arusha. Kwa hiyo habari za Wabaptisti wa Marekani nazisoma kama habari za ukoo, na zinaniuma hivyohivyo. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu.

Asiyejua chanzo atadhani mambo yalikuwa hivi tangu walowezi wa kwanza wateremke melini. Hapana. Virginia ilipokuwa koloni, kanisa rasmi lilikuwa Anglikana. Kila mtu alitozwa kodi ya kumtunza kasisi, asali pale au asisali. Mhubiri wa Kibaptisti aliyehubiri bila leseni ya serikali alikamatwa. Miaka ya 1760 na 1770 wahubiri wengi wa Kibaptisti walilala jela kwa kosa hilo, na wapo waliohubiri kupitia dirisha la jela, watu wamejaa nje. Massachusetts nako, zaidi ya miaka mia moja kabla ya hapo, walikuwa wamemfukuza Roger Williams. Akaenda kuanzisha Providence mwaka 1636, mji ambao watawala wake hawakumuuliza mtu anaabudu vipi.

Watu hao ndio waliosukuma kwa nguvu kwamba serikali isiwe na kanisa. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyopitishwa 1791, yanalizuia Bunge kuweka dini rasmi au kuzuia ibada. Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, walipoona jimbo lao bado linalibeba kanisa jingine, walimwandikia Rais Thomas Jefferson. Barua yake ya kuwajibu, ya 1 Januari 1802, ndiyo yenye yale maneno maarufu kuhusu ukuta kati ya kanisa na dola. Siku hiyohiyo mhubiri wa Kibaptisti John Leland alifika Ikulu na jibini moja la ratili 1,235, zaidi ya nusu tani, zawadi ya wakulima wa Cheshire, Massachusetts. Jefferson aliitwa kafiri na maadui zake, na kweli imani yake ilikuwa mbali sana na ya Leland. Leland hakujali. Alitaka rais atakayemwacha mtu na Mungu wake, basi.

Kwa hiyo mtu akikwambia ukuta ule ulijengwa na wasioamini Mungu ili kuufunga mdomo Ukristo, mwambie arudi Danbury.

MwanaMbeya #2

Naendelea.

Southern Baptist Convention yenyewe ilizaliwa Augusta, Georgia, mwaka 1845. Sababu? Wabaptisti wa Kaskazini walikataa kuwatuma wenye watumwa kuwa wamisionari, wa Kusini wakajitenga. Ilichukua miaka 150, hadi 1995, kwa kanisa hilo kuomba radhi rasmi kwa utumwa na ubaguzi. Naligusa hili mapema kwa sababu suala la rangi litarudi, na kila linaporudi watu huliita jina jingine.

Tuingie karne ya 20. Mambo mengi tunayoyaona kama ya kale ni ya enzi ya Vita Baridi. Eisenhower aliapishwa Januari 1953, akabatizwa siku chache baadaye akiwa tayari rais. Mwaka huohuo kikaanza kifungua kinywa cha maombi cha kila mwaka, ambapo marais huketi na wachungaji na wafanyabiashara. Mwaka 1954 maneno "chini ya Mungu" yakaongezwa katika kiapo cha bendera ambacho watoto husema shuleni. Mwaka 1956 "Tunamtumaini Mungu" ikawa kaulimbiu rasmi ya taifa, na mwaka uliofuata ikaanza kuchapwa kwenye noti. Moscow ilikuwa inamkana Mungu, basi Washington ikamtangaza. Naamini wengi walikuwa na moyo safi, lakini hapo ndipo Mungu alipoanza kuvalishwa bendera.

Billy Graham alikua katika hali hiyo ya hewa. Nampenda Graham, wazee wangu walimsikia. Mwaka 1960 alifika kuhubiri hadi Moshi. Lakini aliusogelea mno mlango wa Rais Nixon. Kanda za Ikulu za mwaka 1972, zilipofunguliwa 2002, zikatoa sauti yake akikubaliana na Nixon kuwasema vibaya Wayahudi. Aliomba radhi. Na mwaka 2011, akiwa mzee sana, alisema kwamba kama angerudi nyuma angekaa mbali na siasa. Mtu aliyezunguka dunia nzima akihubiri, na miongoni mwa vichache alivyovijutia lilikuwa hilo. Wahubiri wetu walisikie.

Wakati huo wachungaji wengi wa Kusini walisema siasa si kazi yao. Mwaka 1965, watu weusi wakiandamana Selma kudai haki ya kupiga kura, mchungaji kijana wa Lynchburg, Virginia, aitwaye Jerry Falwell alihubiri kwamba wahubiri wameitwa kuvuna roho, si kuwa wanasiasa. Alikuwa anamlenga Martin Luther King, mchungaji wa Kibaptisti mwenzake. Miaka 2 baadaye akafungua shule binafsi Lynchburg, wakati shule za umma zinalazimishwa kuchanganya watoto weusi na weupe. Mwaka 1979 Falwell huyohuyo akaanzisha Moral Majority, chombo cha kuwapeleka Wakristo kwenye masanduku ya kura.

Nini kilitokea katikati?

MwanaMbeya #3

Jibu tulilozoea ni utoaji mimba. Mahakama ya Juu iliuhalalisha Januari 1973 katika kesi ya Roe, Wakristo wakaamka. Kwa Wakatoliki hilo ni kweli. Maaskofu wao walipinga tangu siku ya kwanza. Kwa Wabaptisti mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 1971 mkutano mkuu wa Southern Baptist, St. Louis, ulipitisha azimio la kutaka sheria ziruhusu utoaji mimba katika hali kadhaa: ubakaji, kujamiiana kwa maharimu, ulemavu mkubwa wa mtoto, hata madhara kwa afya ya akili ya mama. Mkutano ukalirudia 1974, baada ya Roe. Hawakulikana rasmi mpaka 2003.

Mwanahistoria Randall Balmer, aliyekulia katika makanisa hayohayo, amefuatilia nyaraka na kusema kilichowaunganisha kwanza viongozi kilikuwa kodi. Mwaka 1971 mahakama ilithibitisha kwamba shule binafsi inayobagua kwa rangi haistahili msamaha wa kodi. Mamlaka ya kodi, IRS, ikaanza kuzifuata shule za Kikristo za Kusini. Chuo cha Bob Jones kule South Carolina, kilichowakataza wanafunzi wa rangi tofauti kuchumbiana, kilinyang'anywa msamaha wake mwaka 1976, kikapigana hadi Mahakama ya Juu na kushindwa mwaka 1983 kwa kura 8 dhidi ya 1. Marufuku ile ya uchumba ilidumu chuoni hadi mwaka 2000. Elfu mbili, wakuu! Mwanamkakati Paul Weyrich, Mkatoliki, alikuwa ametafuta kwa miaka jambo la kuwasimamisha wainjili weupe (Waprotestanti wanaosisitiza Biblia na kuzaliwa mara ya pili), na alisema mwenyewe kwamba suala la shule ndilo lililowagusa.

Wapo wanahistoria wanaoona Balmer amelivuta sana suala hilo upande mmoja, na mimi naona wana hoja. Mwaka 1979 Francis Schaeffer na daktari wa watoto C. Everett Koop walizunguka miji wakionyesha filamu dhidi ya utoaji mimba, na waumini wa kawaida waliguswa kweli. Mama aliyelia akitazama filamu ile hakuwa na habari na IRS. Ila waliopanga safari walikuwa na habari.

Matokeo yake yanaonekana mwaka 1980. Upande mmoja alikuwa Jimmy Carter, shemasi wa Kibaptisti aliyefundisha shule ya Jumapili kijijini Plains, Georgia, ndoa moja, mtu ambaye binafsi hakupenda utoaji mimba. Upande wa pili alikuwa Ronald Reagan, mwigizaji aliyewahi kutaliki, ambaye akiwa gavana wa California alisaini mwaka 1967 sheria ya kulegeza utoaji mimba. Agosti 1980 Reagan aliwaambia maelfu ya wachungaji Dallas kwamba anajua wao hawawezi kumuidhinisha, lakini yeye anawaidhinisha wao. Wakamchagua. Carter aliendelea kufundisha Biblia Plains hadi alipozidiwa na uzee, akafariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Mwaka 2000 alikuwa ameondoka Southern Baptist kwa huzuni.

Naweka nukta hapo kwa leo. Michango karibuni.

Kisima #4

Mleta uzi, heshima kwako kwa kazi hii. Lakini nina jambo moja. Umeandika kana kwamba suala la mimba ni kisingizio. Mtoto tumboni ni mtu. Kama chama kimoja kinasema auawe na kingine kinasema asiuawe, unataka Mkristo afanye nini? Akae kimya kwa sababu viongozi fulani mwaka 1979 walikuwa na ajenda ya kodi? Wilberforce alitumia kiti chake katika bunge la Uingereza kupinga biashara ya utumwa, na alikuwa mwinjili. Kwa nini yeye asifiwe na hawa walaumiwe?

MwanaMbeya #5

Ndugu Kisima, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Mimi pia naamini mtoto tumboni ni mtu. Mkristo apige kura kwa dhamiri yake, agombee, atunge sheria. Wala siwalaumu waliosimama mbele ya mahakama miaka 49 mpaka Roe ikaondolewa Juni 2022.

Ninachokililia ni bei waliyolipa. Wilberforce hakukubali kwamba ili apate kura dhidi ya utumwa basi anyamaze kuhusu mengine yote. Angalia hili: mwaka 1998, wakati wa kashfa ya Rais Clinton ya uhusiano nje ya ndoa, Southern Baptist walipitisha azimio kwamba uvumilivu kwa maovu makubwa ya viongozi hukausha dhamiri ya taifa. Nalikubali kila neno. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti PRRI iliwauliza Wamarekani kama kiongozi anayetenda uovu katika maisha yake binafsi anaweza bado kutimiza wajibu wake kwa uadilifu. Wainjili weupe waliosema ndiyo walikuwa asilimia 30, kundi lililokuwa kali kuliko yote. Mwaka 2016, mgombea wao akiwa Donald Trump, waliosema ndiyo walifika asilimia 72. Ni miaka 5 tu, na Biblia ni ileile. Novemba ile takriban 8 kati ya 10 ya wainjili weupe walimpa kura Trump, na hali imebaki hivyo 2020 na 2024.

Kanisa likishasema tabia ya kiongozi si kitu mradi atuteulie majaji, halina tena pa kusimama siku kiongozi huyo atakapomwonea mjane. Litamkemea kwa kinywa kipi?

MsafiriTX #6

Shikamooni wakubwa. Mimi niko Texas mwaka wa kumi na kitu sasa, nasali kwenye kusanyiko la Kiswahili, wengi wetu Wakongomani waliopitia kambini Nyarugusu na kwingine, Warundi, na Watanzania wachache. Tunaazima jengo la kanisa la Wamarekani, wao wanamaliza ibada asubuhi, sisi tunaingia mchana.

Nataka niseme kitu ambacho video hazionyeshi. Hawa wazungu wa kanisa tunaloazima walitupokea. Walileta magodoro, wakafundisha mama zetu kuendesha gari, wakawasindikiza watoto shule. Wengi wao wanapiga kura Republican, na nawapenda. Shirika la World Relief, ambalo ni tawi la misaada la umoja wa wainjili wa Marekani, limepokea wakimbizi miongo mingi, pamoja na Wakatoliki na Walutheri. Katika mwaka wa fedha 2024 Wakongomani ndio walioongoza kwa idadi ya wakimbizi walioingia Marekani.

Halafu Januari 20, 2025, siku rais anaapishwa tena, mpango wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa. Kesho yake serikali ikatangaza kufuta ule utaratibu uliowazuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu ndani au karibu na makanisa na shule. Jumapili iliyofuata viti vyetu vingi vilikuwa vitupu, hata wenye karatasi zote waliogopa. Mzee mmoja Mmarekani, amempigia Trump kura mara zote, alikuja akasimama mlangoni kwetu ibada nzima. Hakusema kitu juu ya siasa. Sasa mimi nikisikia "wainjili wa Marekani" kama kitu kimoja, najua si kitu kimoja.

MwanaMbeya #7

MsafiriTX, Mungu akubariki kwa ushuhuda huu. Umenikumbusha kwamba asilimia ni watu.

Na jambo hili la wakimbizi lilifika hadi Vatican. Makamu wa rais, JD Vance, aliyeingia Ukatoliki mwaka 2019, alitumia fundisho la kale la mpangilio wa upendo kutetea sera hiyo: kwanza familia, kisha jirani, kisha taifa lako, ndipo wengine. Februari 10, 2025, Papa Fransisko aliwaandikia maaskofu wa Marekani kwamba mpangilio wa kweli wa upendo tunaugundua tukitafakari Msamaria mwema. Alikuwa na miezi 2 tu ya kuishi. Wiki chache kabla, Januari 21, Askofu Mariann Budde wa kanisa la Episkopali alimwomba rais, uso kwa uso katika kanisa kuu la Washington, awahurumie walioogopa. Rais alijibu kwa kumtaka aombe radhi.

Mchungaji akiomba huruma mbele ya mtawala anatakiwa kuomba radhi! Nathani alimwambia Daudi makubwa zaidi ya hayo.

Nesi_Njombe #8

Mimi nitaongea kwa upande wa kazi yangu, niko afya. Vijana wa sasa hawajui miaka ya 1990 ilivyokuwa hapa Njombe na Makete, nyumba zilibaki na bibi na wajukuu. Januari 2003 Rais George W. Bush alitangaza PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, dola bilioni 15 kwa miaka 5, ARV zikaanza kufika CTC zetu (kliniki za tiba na matunzo). Wagonjwa niliowajua wakiwa kitandani wapo, wanalima viazi.

Naomba mleta uzi aseme na hili, kwa sababu waliosukuma PEPFAR ni hao hao wainjili.

MwanaMbeya #9

Dada yangu, asante, ningelisahau ningekosa haki. Ni kweli kabisa. Seneta Jesse Helms wa North Carolina, aliyekuwa mpinzani mkali wa fedha za UKIMWI kwa miaka mingi, alisimama Februari 2002 kwenye mkutano ulioandaliwa na shirika la Franklin Graham, mtoto wa Billy Graham, akasema anaona aibu kwa kufanya machache mno. Washauri wa Bush, akiwemo Michael Gerson, mwinjili, walilibeba suala hili kama wajibu wa imani. Bush alifika Dar es Salaam na Arusha Februari 2008 na watu walimpokea kwa upendo wa kweli. PEPFAR inahesabiwa kuokoa maisha ya watu milioni 25 hivi. Siwezi kutaja jambo lolote ambalo wainjili wa Marekani wamefanya kisiasa likafanana na Yesu kuliko hili.

Ndiyo maana Januari 2025 iliniumiza mara mbili. Misaada ya nje ilisimamishwa kwa agizo la siku ya kwanza. Ruhusa ya kuendelea na dawa za kuokoa maisha ilitoka siku chache baadaye, lakini malipo yalikuwa yamekatika na watumishi wa miradi katika nchi nyingi wamesharudishwa nyumbani. Julai 2025 USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ikafungwa rasmi. Wapo wainjili waliopinga wazi. Lakini lile kundi kubwa, lenye kura ambazo rais anazihitaji kuliko zote, halikupaza sauti kama lilivyojua kupaza kwa mambo mengine. Lingeweza. Lilishaweza mwaka 2003.

Bint_Pwani #10

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni Muislamu, nimefuatilia uzi kwa adabu. Swali: hili la Israel linatoka wapi? Kwa nini wahubiri wa Marekani wanaiunga mkono hivyo, hata wanapokuwepo Wakristo wa Kipalestina wanaoumia?

MwanaMbeya #11

Wa aleikum salaam dada, karibu sana.

Kwa ufupi: ni mafundisho ya karne ya 19 ya mhubiri wa Uingereza na Ireland, John Nelson Darby, yaliyogawa historia katika vipindi na kuwapa Wayahudi nafasi maalumu katika siku za mwisho. Yalienea Marekani kupitia Biblia yenye maelezo pembeni ya Cyrus Scofield, iliyotoka 1909. Israel ilipoundwa 1948 na kuteka Yerusalemu ya Mashariki 1967, wengi waliona unabii unatimia machoni pao. Mwaka 2006 John Hagee wa San Antonio alianzisha Christians United for Israel. Ubalozi wa Marekani ulipofunguliwa Yerusalemu Mei 2018, sala ya kwanza iliombwa na Robert Jeffress wa Dallas na ya mwisho na Hagee.

Makanisa ya kale, Orthodoksi, Katoliki, hata Waprotestanti wengi, hawajawahi kufundisha hivyo. Wakristo wa Bethlehemu na Gaza wamewaandikia wenzao wa Marekani mara nyingi, na majibu wanayopata ni machache. Kwetu mafundisho haya yameingia kama sehemu ya Injili yenyewe, watu hawajui yana umri wa miaka 200 tu.

Kisima #12

Nimekuelewa zaidi sasa, ingawa hatujakubaliana yote. Swali la mwisho kutoka kwangu. Makanisa ya weusi Marekani nayo yamo kwenye siasa mpaka shingoni. King alikuwa mchungaji. Raphael Warnock ni seneta na bado anahubiri Ebenezer, Atlanta. Wagombea wa Democratic wanapanda madhabahuni Jumapili kabla ya uchaguzi. Mbona hao huwasemi?

MwanaMbeya #13

Ni haki niulizwe. Kanisa la weusi lilizaliwa nje ya mlango wa mwenye nguvu. Richard Allen aliunda dhehebu la AME (African Methodist Episcopal) Philadelphia 1816 kwa sababu weusi walikuwa wakisumbuliwa hata wakiwa wamepiga magoti kuomba. Halikuwa na mbunge wala mahakama, lilikuwa na Kitabu cha Kutoka. King alipokuwa jela Birmingham 1963, kwa barua yake aliwajibu wachungaji wazungu waliomtaka asubiri. Huyo alikuwa anaiambia serikali maneno isiyotaka kuyasikia, na alilipa kwa damu. Sioni ulingano kati yake na mchungaji anayepigwa picha Ikulu akiwa ameshika bega la rais.

Lakini mgombea wa Democratic kupewa madhabahu ili aombe kura, hilo silitetei. Limekuwa mazoea, na mazoea yale yanaweza kulifanya kanisa la weusi lichukuliwe na chama kama mali yake, kama walivyochukuliwa wainjili weupe na chama kingine. Wapo wachungaji weusi wanaolisema hili kwa uchungu.

Kijana_Udom #14

Sasa haya yote yamewasaidia kupata waumini? Maana huku tunaambiwa Marekani wanajaa makanisani tangu Trump.

MwanaMbeya #15

Mdogo wangu, takwimu za Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, zinasema Wakristo walikuwa asilimia 78 ya watu wazima mwaka 2007, wakawa 62 katika utafiti wa 2023 na 2024. Wasio na dini sasa ni karibu 3 kati ya 10. Miaka ya karibuni kushuka kumetulia kidogo, na hilo nalifurahia. Sababu ni nyingi, ila tangu mwaka 2002 wanasosholojia Michael Hout na Claude Fischer walionyesha kwamba wengi walioacha kujiita Wakristo walikuwa wa mrengo wa kati na wa kushoto, bado wanamwamini Mungu, wanaukimbia ukristo wa chama. Yaani walipewa kuchagua kati ya Yesu na siasa zao kwa sababu mchungaji aliviunganisha kimoja na kingine, wakaondoka na siasa.

Na walioingia je, wanafundishwa nini? Russell Moore, aliyekuwa kiongozi mkubwa wa Southern Baptist kabla ya kuondoka 2021, amesimulia kwamba wachungaji kadhaa walimweleza jambo lilelile. Walihubiri Hotuba ya Mlimani, kugeuza shavu la pili, na baada ya ibada muumini akaja kuuliza mawazo hayo ya watu wa mrengo wa kushoto wameyatoa wapi. Walipojibu kwamba wanamnukuu Yesu, wakaambiwa hayo hayafanyi kazi tena.

Nilimkumbuka Moore Septemba 21, 2025, nikitazama ibada ya kumuaga Charlie Kirk, yule kijana mwanaharakati aliyepigwa risasi Utah. Uwanja wa Glendale, Arizona, ulijaa. Mjane wake, Erika, alisimama akisema anamsamehe aliyemuua mume wake, kwa sababu ndivyo Kristo alivyofanya. Nililia, sioni haya kusema. Akafuata rais, akasema kwamba hapo yeye anatofautiana na Charlie, yeye anawachukia wapinzani wake na hawatakii mema. Watu walewale waliosimama kumpigia makofi mjane walicheka na kumshangilia rais.

MsafiriTX #16

Nilikuwa naangalia pia mkuu. Hapa kazini kwangu kesho yake watu waliongelea msamaha wa yule mama tu, wazungu kwa weusi. Sehemu ya pili hakuna aliyeigusa.

Swali dogo kabla hujafunga: hili la makanisa kuruhusiwa kuidhinisha wagombea limeishia wapi? Wachungaji wa hapa wanaulizana.

MwanaMbeya #17

Tangu 1954 kuna kipengele cha sheria ya kodi, kilichopendekezwa na Lyndon Johnson akiwa seneta, kinachosema taasisi yenye msamaha wa kodi, kanisa likiwemo, haitakiwi kumpigia kampeni mgombea. Kwa vitendo IRS haikulifuata kanisa ila mara chache mno. Julai 2025 IRS iliwasilisha hati mahakamani Texas, katika kesi iliyofunguliwa na makanisa mawili na umoja wa watangazaji wa kidini, ikisema mchungaji anayezungumza na waumini wake kwenye ibada kuhusu wagombea, kwa mtazamo wa imani, asihesabiwe kuvunja kipengele hicho.

Wanaoshangilia wanaona ni uhuru wa kuhubiri. Mimi naangalia sanduku la sadaka. Marekani mtu akitoa sadaka anaweza kuitoa kwenye mapato yake yanayotozwa kodi, akichangia kampeni hawezi. Na kanisa, tofauti na mashirika mengine ya hisani, halilazimiki kupeleka IRS ile taarifa ya mwaka ya mapato na matumizi. Kwa hiyo tajiri anayetaka fedha zake zifanye kazi ya siasa bila jina lake kuonekana, tena akipunguziwa kodi, ameonyeshwa mlango, na mlango huo una msalaba juu yake. Ninyi mnaosali huko, waulizeni wazee wa kanisa mapema: nani anakagua hesabu, mtoaji mkubwa akija na jina la mgombea mfukoni nani ana mamlaka ya kumrudishia hundi yake, na je, hilo limeandikwa kwenye katiba ya kanisa au linategemea mchungaji aliyepo?